Namna ya Kukadiria Kama Mlipuko wa Volkano Iliyolala Muda Mrefu Utaathiri Tabianchi

Tarehe 23 Novemba 2025 volkano ya Hayli Gubbi, iliyoko eneo la Afar nchini Ethiopia, ililipuka ilhali hapakuwa na kumbukumbu yoyote ya binadamu kuhusu mlipuko wake wa awali, na muda si mrefu habari zikawa zimeenea kwamba mlima uliolala miaka 12,000 umeamka. Majivu yalivuka Bahari ya Shamu, yakapita juu ya Yemen na Oman, kisha yakafika Pakistan na kaskazini mwa India, ambako baadhi ya safari za ndege zilifutwa. Hapo ndipo lilipozuka swali ambalo huzuka kila volkano ya namna hii inapoamka: je, tabianchi ya dunia itaguswa? Mwongozo huu unaonyesha jinsi mtu asiye mtaalamu anavyoweza kulishughulikia swali hilo kwa taarifa zinazotolewa hadharani, akijua zipi za kuzitafuta, zipi za kuzisubiri na zipi za kuziacha.

Iweke kando idadi ya miaka

Takwimu ya kwanza kutangazwa huwa ni ya miaka ambayo mlima umelala, na ndiyo yenye manufaa madogo kuliko zote kwa swali letu. Kwanza, haina uhakika kama inavyoonekana. Wanajiolojia hujua tarehe za milipuko ya kale kwa kupima umri wa tabaka za majivu na zaha, na mahali ambapo hakuna aliyechimba wala kupima, hakuna tarehe. Kauli ya "miaka 12,000" mara nyingi humaanisha tu kwamba hakuna mlipuko unaojulikana tangu kipindi cha Holosini kilipoanza, yaani takriban miaka 11,700 iliyopita. Volkano ya Chaitén ya kusini mwa Chile ilipolipuka Mei 2008, ilidhaniwa kuwa imelala zaidi ya miaka 9,000. Utafiti uliofuata ulibaini kuwa ilikuwa imelipuka katika karne ya 17. Mlima haukuwa umelala usingizi mrefu kiasi hicho, bali ulikuwa haujachunguzwa vya kutosha.

Pili, hata idadi hiyo ingekuwa sahihi, haisemi lolote la moja kwa moja kuhusu tabianchi. Ni kweli kwamba kimya kirefu kinaweza kuipa magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, nafasi ya kujikusanya, kuwa nzito na kujaa gesi, na kwa sababu hiyo volkano inayoamka baada ya karne nyingi ni hatari kubwa kwa wanaoishi karibu nayo. Pinatubo ya Ufilipino ilikuwa kimya kwa karibu miaka 500 kabla ya 1991, na El Chichón ya Meksiko kwa miaka ipatayo 600 kabla ya 1982, na zote mbili ziliacha alama angani. Lakini Chaitén nayo ilikuwa kimya kwa karne kadhaa, ikarusha majivu juu sana, na vipimajoto vya dunia havikutikisika. Kwa hiyo idadi ya miaka inaweza kuandikwa pembeni ya karatasi, ila hesabu isianzie hapo.

Tafuta salfa kabla ya kutazama majivu

Watu wengi hudhani kwamba volkano hupoza dunia kwa kuifunika kwa majivu. Majivu ni vipande vya miamba na kioo, na ingawa huziba jua mahali yanapopita, ni mazito; mengi huanguka ndani ya saa au siku chache, na yaliyo laini zaidi ndani ya wiki kadhaa. Mwaka 2010 majivu ya Eyjafjallajökull, nchini Iceland, yalisimamisha usafiri wa anga barani Ulaya kwa siku kadhaa, wala hayakuacha athari yoyote ya kupimika katika joto la dunia. Ukubwa wa usumbufu kwa ndege na ukubwa wa athari kwa tabianchi ni mambo mawili yasiyofuatana.

Kinachopoza ni salfa. Gesi ya salfa dioksidi ikifika juu vya kutosha hugeuka polepole, kwa muda wa wiki kadhaa, kuwa matone madogo mno ya asidi ya salfa. Matone hayo ni mepesi kiasi cha kuelea mwaka mmoja hadi mitatu, yakirudisha angani sehemu ndogo ya mwanga wa jua kabla haujafika ardhini. Sehemu hiyo ni ndogo kweli, lakini hukatwa kila siku na juu ya eneo kubwa la dunia, na mwisho wake huonekana kwenye vipimajoto.

Kulinganisha milima miwili kutalithibitisha jambo hili kuliko maelezo marefu. Mount St. Helens ya Marekani ililipuka tarehe 18 Mei 1980 kwa nguvu iliyobomoa ubavu mzima wa mlima, na picha zake zilizunguka dunia nzima. Ilitoa takriban tani milioni 1 za salfa dioksidi. El Chichón, ambayo wakati huo haikujulikana na wengi, ililipuka miaka miwili baadaye kwa ukubwa usiotofautiana sana, lakini ikatoa karibu tani milioni 7. Ya kwanza haikuigusa tabianchi kwa namna ya kuonekana, ya pili ilitandaza utando wa asidi uliofuatiliwa na wanasayansi kwa miaka.

Kutokana na hayo, ichukuliwe kwa tahadhari ile alama ya ukubwa wa mlipuko, inayoanzia 0 hadi 8, ambayo huandikwa karibu katika kila taarifa. Kipimo hicho hutazama hasa ujazo wa majivu na mawe yaliyorushwa. Hakikubuniwa kupima gesi, na mwenye kukitumia kukisia baridi ya mwaka ujao anakipa kazi isiyo yake.

Kiasi cha salfa hupimwa na setilaiti. Mojawapo ni Sentinel-5P, iliyorushwa mwaka 2017 ikiwa na kifaa kiitwacho TROPOMI, na makadirio yake hutolewa na wataalamu ndani ya siku chache. Yatakuja kwa vipimo mbalimbali, hivyo inafaa kukumbuka kwamba teragramu 1 ni sawa na kilotani 1,000, na zote mbili ni sawa na tani milioni 1. Usiikimbilie takwimu ya saa za mwanzo. Wingu jipya huwa limechanganyika na majivu na barafu vinavyoificha gesi, na makadirio ya siku ya tatu au ya tano yanaweza kutofautiana sana na yale ya siku ya kwanza.

Ukishaipata takwimu, ipime kwa ngazi hii, ambayo ni ya kukadiria tu na inahusu salfa iliyofika tabaka la anga lililo juu ya mawingu na mvua, si yote iliyotoka mlimani. Chini ya tani milioni 1, usitarajie chochote katika joto la dunia. Kati ya milioni 1 na milioni 5 hivi, vyombo vitauona utando huo angani, lakini athari yake itamezwa na mabadiliko ya kawaida ya mwaka hadi mwaka. Ikikaribia milioni 7 kama El Chichón, upoaji upo, ingawa ni vigumu kuutenga na mengine. Ikifika kati ya milioni 15 na 20, kiasi kilichotolewa na Pinatubo, hakuna tena ubishi. Tambora ya Indonesia, mwaka 1815, inakadiriwa kuwa ilitoa takriban milioni 60.

Geuza futi kuwa kilomita

Swali linalofuata ni la kimo. Tabaka la chini la anga, tunamoishi na kunamotokea mawingu na mvua, hujisafisha lenyewe: salfa iliyobaki humo huoshwa na mvua ndani ya siku au wiki chache. Juu yake kuna stratosfia, ambako hakuna mvua ya kuosha. Mpaka kati ya tabaka hizo mbili huitwa tropopozi, na kimo chake si kimoja duniani kote: karibu na ikweta huwa kilomita 16 hadi 18 hivi, na kuelekea ncha za dunia hushuka hadi kilomita 8 au 9. Moshi uliofika kilomita 12 juu ya Iceland huenda umeshaingia stratosfia, ilhali uliofika kilomita hizohizo juu ya ikweta bado uko chini ya dari.

Taarifa za kimo hutolewa haraka, kwa sababu marubani wanazihitaji. Duniani kuna vituo tisa vya kutoa tahadhari kuhusu majivu ya volkano, kikiwemo cha Toulouse, Ufaransa, kinachohudumia sehemu kubwa ya Afrika. Vituo hivyo hutumia lugha ya usafiri wa anga: ukikuta FL450, maana yake ni futi 45,000. Zidisha futi kwa 0.3 upate mita, nazo hizo zitakuwa 13,500, yaani kilomita 13 na nusu. Kisha linganisha na tropopozi ya latitudo husika.

Hatua hii ndiyo inayotupa nje volkano nyingi. Nyamulagira, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni miongoni mwa volkano zinazotoa salfa kwa wingi na kwa muda mrefu, lakini gesi hiyo kwa sehemu kubwa hutoka taratibu na kubaki chini, ikawaathiri majirani na mashamba yao badala ya tabianchi ya dunia.

Hata hivyo tropopozi si ukuta wa saruji. Nabro ya Eritrea, ambayo nayo haikuwa na mlipuko wowote kwenye kumbukumbu, ililipuka Juni 2011 na kutoa zaidi ya tani milioni 1 za salfa dioksidi, na salfa hiyo ikaonekana stratosfia. Wataalamu walibishana jinsi ilivyofika huko: wengine walisema mikondo ya monsuni ya Asia iliibeba juu, wengine wakasema sehemu yake ilirushwa huko moja kwa moja na mlipuko. Somo la vitendo ni kwamba kimo kikiwa chini kidogo ya tropopozi, jibu liwe "huenda", na usubiri vipimo vya wiki zinazofuata kabla ya kusema "hapana".

Mahali, msimu na mvua

Volkano ya ukanda wa tropiki ina nafasi kubwa ya kuigusa dunia yote, kwa kuwa mikondo ya stratosfia huinuka katika ukanda huo na kusambaa kuelekea ncha zote mbili. Wingu la Pinatubo liliizunguka dunia kwa takriban wiki tatu, kisha likaenea kaskazini na kusini. Volkano iliyo mbali kaskazini au kusini kwa kawaida huathiri nusu yake ya dunia, na salfa yake hushuka mapema zaidi. Msimu nao una uzito: utando unaotanda wakati wa kiangazi cha upande husika hukuta jua jingi la kuzuia, na unaotanda wakati wa majira ya baridi karibu na ncha hukuta jua dogo.

Hapa wengi hukomea kwenye joto, na nadhani hilo ndilo kosa kubwa zaidi katika mijadala ya volkano. Kwa mkulima, upoaji wa nusu ya nyuzi ya Selsiasi si kitu, ila mvua ni kila kitu. Salfa ikipoza zaidi nusu ya kaskazini ya dunia, ukanda wa mvua za kitropiki huegemea upande ulio na joto zaidi, yaani kusini, na maeneo ya kaskazini mwa ikweta yanayotegemea ukanda huo hupungukiwa. Ukame mkali wa Sahel, ukanda ulio kusini mwa jangwa la Sahara, ulifuata baada ya mlipuko wa Katmai, Alaska, mwaka 1912, na tena baada ya El Chichón mwaka 1982. Laki ya Iceland ilipotoa takriban tani milioni 120 za salfa dioksidi kati ya Juni 1783 na Februari 1784, mafuriko ya Mto Nile yalikuwa haba na Misri ikaingia katika njaa. Kwa hiyo baada ya kujua kiasi na kimo, usiulize tu "dunia itapoa kwa kiasi gani?", uliza pia salfa imeegemea upande gani, na ni mvua za nani zinazotegemea upande huo.

Panga kalenda ya matarajio

Ikiwa mlipuko umepita vipimo vyote, athari zina ratiba yake. Katika wiki za kwanza hakuna baridi ya kidunia, kwa kuwa gesi bado inageuka kuwa matone. Ubaridi au giza la siku hizo karibu na mlima ni kazi ya majivu. Miezi miwili mitatu baadaye utando hukomaa, na ishara ambayo mtu anaweza kuiona kwa macho ni machweo yenye wekundu usio wa kawaida unaodumu baada ya jua kuzama. Upoaji hufika kilele kati ya miezi sita na mwaka mmoja na nusu hivi, kisha hufifia. Baada ya Pinatubo kulipuka Juni 1991, mwanasayansi wa tabianchi James Hansen na wenzake wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, walitabiri mapema mwaka 1992 kwamba joto la wastani la dunia lingeshuka kwa takriban nusu nyuzi ya Selsiasi. Likashuka karibu kiasi hicho mwaka huohuo, na kufikia 1995 lilikuwa limerejea.

Nusu nyuzi ni wastani wa dunia nzima, nao huficha tofauti kubwa za kimaeneo. Mwaka 1816, baada ya Tambora, kaskazini-mashariki mwa Marekani palishuka jalidi mwezi Juni, na mavuno yakaharibika katika sehemu nyingi za Ulaya, ingawa wastani wa dunia ulishuka kwa chini ya nyuzi moja. Upande wa pili, si kila msimu mbaya unaofuata mlipuko umeletwa na mlipuko. Hali ya hewa ni mambo ya siku na wiki, tabianchi ni wastani wa miaka mingi, na katikati yake hupita El Niño, yaani kupanda kwa joto la maji ya Bahari ya Pasifiki, ambayo mwaka 1982 na 1983 ilikuwa na nguvu kiasi cha kuufunika upoaji wa El Chichón. Kabla ya kuihukumu volkano, angalia kwanza hali ya Bahari ya Pasifiki.

Kuna pia dhana mbili zinazopaswa kuondolewa mapema. Ya kwanza ni kwamba volkano itatuokoa na ongezeko la joto duniani. Upoaji wa salfa huisha kwa miaka miwili au mitatu, na kilichokuwa kinaongezeka huendelea kuongezeka. Ya pili ni kinyume chake, kwamba volkano ndizo zinazoleta ongezeko hilo kwa hewa ukaa zinayotoa. Volkano zote za dunia kwa mwaka hutoa chini ya asilimia 1 ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu.

Milipuko isiyofuata kanuni

Laki, tuliyoitaja, haikuwa mlipuko mmoja mkubwa, bali ufa uliotoa zaha kwa miezi minane. Sehemu ya gesi yake ilibaki chini na kutanda Ulaya kama ukungu mkavu, na nchini Iceland kwenyewe takriban mtu mmoja kati ya watano alikufa, hasa kwa njaa iliyofuata vifo vya mifugo. Mlipuko wa kimya unaoendelea kwa miezi usipuuzwe kwa sababu tu hauna mnara mrefu wa moshi.

Hunga Tonga–Hunga Ha'apai, volkano ya chini ya bahari nchini Tonga, ilienda kinyume kabisa. Tarehe 15 Januari 2022 ilirusha moshi hadi kilomita 57 hivi, juu kuliko mlipuko wowote uliowahi kupimwa kwa setilaiti, lakini salfa yake haikufika hata tani milioni 1. Badala yake ilipeleka stratosfia takriban tani milioni 150 za mvuke wa maji, sawa na karibu asilimia 10 ya mvuke uliokuwamo. Mvuke huzuia joto kutoka, salfa huzuia jua kuingia, hivyo athari hizo mbili zilivutana. Volkano ikiwa chini ya bahari, ongeza swali la maji kwenye orodha yako.

Jaribu hesabu, kisha acha faili wazi

Turudi Hayli Gubbi. Kimo kilichotangazwa kilikuwa kilomita 14 hivi, katika latitudo ambako tropopozi huwa kwenye kilomita 16 au 17. Salfa yake ilikuwa chini ya tani milioni 1. Mlipuko mkuu ulidumu kwa saa, si kwa miezi, na mlima uko nchi kavu. Kwa vipimo vyetu vyote, jibu ni kwamba joto la dunia halitaguswa kwa namna ya kupimika, hata kama miaka 12,000 ingethibitishwa hadi mwaka wa mwisho. Athari zilikuwapo, nazo zilikuwa za karibu: majivu juu ya vijiji na malisho ya Afar, na hatari kwa injini za ndege.

Jibu hilo, hata hivyo, ni la mlipuko huo wa Novemba tu. Pinatubo ilianza na milipuko ya mvuke tarehe 2 Aprili 1991, na mtu aliyefunga hesabu yake siku hiyo angeandika kwamba hakuna cha kutazamia. Mlipuko uliopoza dunia ulikuja tarehe 15 Juni. Tambora ilinguruma tarehe 5 Aprili 1815, ikatulia, kisha tarehe 10 ikafanya kilichokumbukwa. Kwa volkano iliyoamka karibuni, hesabu irudiwe kila kituo cha majivu kinapotoa kimo kipya au setilaiti inapotoa takwimu mpya ya salfa, na tarehe ya kila makadirio iandikwe pembeni yake.